Kufilisika: wakili wa nini, na kwa kipande kipi? Mwongozo kamili kwa wakazi wa Malindi na Lamu

Mwaka 2020, mwezi wa tatu, hoteli niliyokuwa nikiiwekea hesabu hapa Malindi ilifunga mageti. Watalii walikatika, mshahara ukawafuata, na mimi nikabaki na mkopo wa sacco, mkopo wa benki, na mikopo ya simu ambayo naihesabu kama mmoja kwa sababu kuitaja mmoja mmoja ni aibu. Mwaka uliofuata nilikuwa na bahasha ya kaki iliyofura barua za madai. Nikaipeleka kwa wakili mmoja mjini. Hakuifungua. Alisema tutakwenda Mahakama Kuu nijitangaze muflisi, nimletee pesa za kufungulia faili. Nikakopa tena, nikampa.

Miezi ikapita bila habari. Nikaenda kwa wakili wa pili, mama mmoja mtu mzima. Yeye aliimwaga bahasha mezani, akapanga zile barua kama karata za kucheza, akauliza maswali kama kumi, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe huna haja ya mahakama. Una haja ya kukaa na sacco yako." Akanitoza ada ya mashauriano, chini ya nusu ya nilichompa yule wa kwanza.

Tangu hapo jirani wakikwama huniletea bahasha zao. Mimi si wakili, na haya si badala ya wakili. Ila nimeona watu wakiuliza swali vibaya: "Nitafute wakili ama nisitafute?" Kazi ya kufilisika ina vipande vingi. Vingine unaviweza mwenyewe ukiwa na kalamu na subira, na vingine ukivigusa bila wakili utajuta. Kwa hivyo tuanze na kipande cha kwanza, ambacho hakuna atakayekufanyia.

Hatua ya 1: Mwaga bahasha

Chukua daftari la kurasa kubwa. Kila deni lipe mstari wake: unadaiwa na nani, kiasi gani mpaka leo, limewekewa dhamana gani, na nani alikutilia sahihi. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zitakazoamua kama unahitaji wakili. Watu huhangaika na safu ya kiasi, lakini deni la milioni mbili lisilo na dhamana wala mdhamini ni jepesi kulishughulikia kuliko la laki tatu ambalo shemeji yako alilisimamia.

Usitegemee kumbukumbu. Omba ripoti yako ya CRB. Kanuni zinakupa haki ya kupata moja bure kila mwaka kutoka kila shirika la taarifa za mikopo. Humo utakuta mikopo uliyoisahau, na pengine mmoja ambao hukuwahi kuuchukua.

Ukurasa wa pili ni wa mali. Andika kila kitu: tuktuk, mashua na injini yake, hisa za sacco, viwanja, pesa unazodai watu. Dhahabu ya mkeo ni ya mkeo, usiiandike kama yako. Nyumba ya wakfu mnayoishi si mali yako pia. Lakini fungu lako katika shamba la marehemu babako, hata kama mirathi haijagawanywa na mnazi wako haujulikani ni upi, hilo liandike. Tutalirudia, kwa sababu hapo ndipo wengi wa Pwani hujikwaa.

Hatua ya 2: Jua unapita mlango gani

Sheria ya Ufilisi ya Kenya ni ya mwaka 2015. Kabla yake, ukisema kufilisika, watu walifikiria mlango mmoja tu. Sasa kuna zaidi, na si yote inayopita mbele ya jaji.

Wa kwanza hauna sheria yoyote: kukaa na wadai mkapatana. Sacco inaweza kuurefusha mkopo, benki inaweza kuupanga upya. Ndio mlango niliopita mimi. Wakili hahitajiki, ila kila mnachokubaliana kiandikwe na kitiwe sahihi. Ahadi ya mdomo ya afisa wa mikopo huondoka naye siku akihamishwa tawi.

Wa pili ni amri ya malipo ya awamu. Unamwomba Mpokezi Rasmi, yaani afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, akupangie kulipa madeni kidogokidogo, kwa kawaida ndani ya miaka 3. Unafaa mtu mwenye kipato cha kila mwezi, hata kidogo. Mwalimu au askari kanzu anaweza kujaza fomu yake mwenyewe.

Wa tatu ni utaratibu wa asiye na mali, na ndio ningetaka ujulikane zaidi. Masharti yake ni haya: huna mali inayoweza kuuzwa, jumla ya madeni yako ni kati ya shilingi 100,000 na shilingi milioni 4, huna uwezo wa kulipa hata sehemu yake, na hujawahi kuingia kwenye utaratibu huu wala kutangazwa muflisi. Ombi huenda kwa Mpokezi Rasmi, si mahakamani. Ukikubaliwa, wadai walioorodheshwa wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni hayo yanafutika. Kijana wa ufuoni aliyepoteza biashara ya vinyago, anayeishi chumba cha kupanga Maweni na kudaiwa laki sita za mikopo ya simu na ya mashirika, huu ndio mlango wake. Kumlipa wakili hapo ni kulipia kujaziwa fomu. Wakili awepo tu ikiwa kuna mdai anayesema umeficha kitu.

Wa nne ni mapatano rasmi na wadai chini ya ulinzi wa Mahakama Kuu. Mahakama inatoa amri ya muda ya kuwazuia wadai, na mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa anasimamia pendekezo lako mpaka wadai walipigie kura. Mlango huu huupiti peke yako hata ukitaka. Mtaalamu ni lazima, na wakili karibu ni lazima. Unafaa mwenye biashara inayopumua bado: nyumba ya wageni Shela, kwa mfano, ambayo ikipewa misimu miwili ya kaskazi itasimama.

Wa tano ni ufilisi wenyewe. Unaomba Mahakama Kuu ikutangaze muflisi, ama mdai anakuombea. Mali yako inaingia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi, inauzwa, wadai wanagawiwa. Vifaa vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani unabaki navyo. Baada ya miaka 3 unatoka, kama hakuna aliyepinga.

Hatua ya 3: Pima kama wakili ni wa lazima

Sasa rudi kwenye daftari. Kuna hali ambazo nikiziona kwenye bahasha ya mtu, simpi ushauri mwingine wowote isipokuwa nenda kwa wakili kabla ya Ijumaa.

Ya haraka kuliko zote ni karatasi yenye saa inayokimbia. Ukiletewa ilani ya madai chini ya Sheria ya Ufilisi, una siku 21. Kama deni unalipinga, ndani ya siku hizo hizo unatakiwa uiombe Mahakama Kuu iitengue ilani. Zikipita kimya, mdai ana njia ya kukuombea ufilisi. Vivyo hivyo ukiitwa mahakamani ueleze kwa nini usifungwe jela kwa deni lililokwisha kuamuliwa. Kifungo hicho kinaweza kufika miezi 6. Na kama nyumba iko kwenye rehani, benki inatakiwa ikupe ilani ya miezi 3 kwanza, halafu ilani ya siku 40 ya kuuza. Wengi huamini kwamba kujitangaza muflisi kutaiokoa nyumba. Hakuiokoi. Mwenye rehani anasimama nje ya foleni ya wadai wengine na anaweza kuuza hata ukiwa muflisi. Nimeona mtu akitumia akiba yake ya mwisho kulipia kesi ya ufilisi ili aizuie benki, na dalali akaja vilevile.

Halafu kuna mirathi. Ukiwa muflisi, mali unayoipata kabla hujaachiliwa nayo inaingia kwa msimamizi. Fikiria mama yako ni mgonjwa, nyumba yake ya mawe iko Langoni au Mkomani, na nyinyi ni watoto watano. Akifariki katika miaka yako 3, fungu lako la faraidhi halitakuwa lako. Litakuwa la wadai wako. Ndugu zako wataamka wana mshirika mpya katika nyumba ya urithi, na mshirika huyo anataka kuuza. Ni jambo gumu hata kulitamka nyumbani, lakini litamke kwa wakili. Pengine mlango wa awamu au mapatano ni bora, ijapokuwa utalipa zaidi. Hesabu hiyo hutaipata kwenye fomu.

Wadhamini ni hali ya tatu. Ufilisi unakuondolea deni wewe, haumwondolei aliyekutilia sahihi. Siku unayotangazwa, sacco inageukia wale wanachama watatu waliokutilia sahihi. Kwetu hapa mdhamini ni binamu, ni jirani wa msikitini, ni mwalimu mwenzio. Sijasema usifanye. Nasema ujue, na kama wadhamini ni wengi, mlipe wakili saa moja akueleze kama kuna njia ya kuwakinga.

Ya nne: ulihamisha kitu. Kila mara naulizwa, kwa sauti ya chini, "Nikiandikisha kiwanja kwa jina la ndugu yangu kwanza?" Zawadi ulizotoa katika miaka 2 kabla ya kufilisika msimamizi anaweza kuzitengua, na hata za nyuma zaidi kama ulipozitoa tayari ulikuwa huwezi kulipa madeni yako. Kumlipa mdai mmoja unayempenda na kuwaacha wengine nako kunaweza kutenguliwa. Na kuficha mali kwa makusudi ni kosa la jinai. Kama umeshafanya, usijaze fomu yoyote kabla hujaongea na wakili. Kama hujafanya, usifanye, na mpuuze huyo mjuaji wa barazani aliyekushauri.

Mwisho, siasa na safari. Katiba inamzuia muflisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge na hata uwakilishi wa wadi. Kuwa mkurugenzi wa kampuni nako kunazuiwa. Kutoka nje ya nchi kunataka kibali cha msimamizi, kwa hivyo mwenye biashara ya kwenda na kurudi Dubai apige hesabu hiyo mapema.

Kama hakuna hata moja kati ya hizi inayokugusa, huna nyumba, huna mdhamini, huna kesi, hukuhamisha kitu, basi nenda mlango wa pili au wa tatu peke yako.

Hatua ya 4: Kumpata wakili na kupatana bei

Usitarajie msaada wa serikali hapa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaacha nje, kwa maneno yaliyo wazi, kesi za kudaiana na za ufilisi. Mtu anayehitaji msaada kwa sababu hana pesa ananyimwa kwa sababu kesi yake ni ya kukosa pesa! Kinachobaki ni mashirika kama Kituo cha Sheria, na wiki ile ya kila mwaka ambapo Chama cha Mawakili huketi viwanja vya mahakama wakitoa ushauri bure. Ukiwaona mahema yao penye mahakama ya Malindi, beba daftari lako uende.

Kwa wakili wa kulipa, kwanza hakikisha ni wakili. Cheti cha kufanya kazi hutolewa kwa mwaka na huisha tarehe 31 Desemba, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili. Wapo watu nje ya mahakama wenye mkoba na tai wanaojiita mawakili. Kuandaa hati za mahakama kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa, na zikigunduliwa anayeumia ni wewe.

Kisha muulize haya, na usione haya kuuliza:

Umewahi kushughulikia maombi ya ufilisi ya mtu binafsi, si kampuni? Mawakili wengi wa hapa ni hodari wa ardhi na jinai, na jibu la kweli la "hapana" si la kumdharau. Unadhani napita mlango gani, na kwa nini si ule mwingine? Asipoimwaga bahasha yako kwanza, simama uondoke. Ada yako ni kiasi gani kwa kazi yote, na ni kiasi gani kwa kipande hiki tu? Ada hiyo ina ada za mahakama, tangazo la gazeti na amana ya Mpokezi Rasmi ndani yake, au ni mbali?

Kuna kiwango cha chini cha ada kilichowekwa kisheria, kwa hivyo usimwombe afanye kwa bei ya kutupa. Anayekubali anavunja sheria yake mwenyewe. Unachoweza kuomba ni kupunguza kazi. Wewe uandae orodha ya madeni na mali, ukusanye barua, ukajiapishe mbele ya kamishna wa viapo. Yeye apitie, asahihishe, na asimame siku ya kusikizwa. Yule mama wangu alikubali mpango wa namna hiyo kwa jirani yangu, na wakauandika karatasi moja yenye sahihi mbili. Risiti kila malipo. Kama pesa hazipo zote, omba awamu, lakini awamu nazo ziandikwe.

Hatua ya 5: Ukienda Mahakama Kuu mwenyewe

Sheria inakuruhusu kujisimamia. Ombi la ufilisi huenda Mahakama Kuu: Malindi ipo, na kwa watu wa Lamu kuna ya Garsen, ambayo ukitoka Mokowe kwa basi kupitia Witu unaifikia kabla ya Malindi. Mahakama ya hakimu haina uwezo huo. Kadhi pia hana. Namtaja kwa sababu wazee huanzia kwake, na si vibaya kuanzia hapo kwa suluhu, maana Sura al-Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na mdai akikumbushwa hivyo na Kadhi huweza kulegea. Lakini mamlaka ya Kadhi ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na amri ya ufilisi haimo.

Tangu 2024 mahakama zote nchini zinapokea hati kwa mtandao. Unafungua akaunti, unapakia, unalipa kwa simu. Kama mtandao unakutoa jasho, dawati la huduma mahakamani litakuelekeza. Uliza hapo hapo kama shauri lako litasikizwa kwa video. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, hilo ni tofauti kati ya kupoteza asubuhi na kupoteza siku tatu.

Kitakachokupa shida ni taarifa ya hali ya kifedha. Ndiyo roho ya ombi. Iandike kutoka kwenye daftari lako, kila mdai na anwani yake, kila mali na thamani yake ya kweli ya leo, siyo uliyonunulia. Mashua uliyonunua laki tano na sasa mbao zimeoza, andika inachoweza kuuzwa leo pale gatini. Ukikosea kwa kusahau, unaweza kurekebisha. Ukikosea kwa kuficha, umejitengenezea kesi nyingine. Ombi hutangazwa gazetini, kwa hivyo usidhani itabaki siri. Mwambie mkeo na wadhamini wako kabla hawajasomewa na mtu mwingine kwenye kinyozi.

Jaji atataka kujua kwa nini uko hapo. Mahakama zetu zimewahi kuyatupa maombi ya watu walioonekana wanakimbia hukumu ya mdai mmoja ilhali wana kipato. Jiandae kueleza kwa maneno yako: biashara ilikuwa nini, ilianguka lini, ulijaribu nini kabla ya kuja. Barua ulizowaandikia wadai ukiomba muhula ni ushahidi mzuri. Kama umefika hapa na unaona ulimi unakuwa mzito, mlipe wakili kwa siku hiyo moja tu.

Na amri ikitoka, usirudi nyumbani ukalale. Msimamizi atakutaka uwasilishe kwake taarifa yako, na ile miaka 3 inaanza kuhesabiwa siku anayoipokea, si siku jaji aliposema. Mzee mmoja wa Barani aliamini miaka yake inakwisha, kumbe taarifa haikuwahi kufika. Alikuwa bado yuko siku ya kwanza. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, ipige picha kwa simu, na ile karatasi yenyewe iweke kwenye ile bahasha ya kaki.